Simu yangu inataka kusafishwa nyota

Fundi alinirudishia simu hata bisibisi hajaishika. "Dada, hii haiumwi. Imejaa tu. Futa futa vitu, itakaa sawa." Kibanda chake kiko jirani na Soko Kuu hapa Arusha. Kinatosha meza, yeye mwenyewe na benchi la mteja mmoja, na asubuhi ile ya manyunyu mteja huyo nilikuwa mimi. Nikaanza na makundi ya WhatsApp, maana ndiko mzigo uliko: kamati za harusi ambazo maharusi wake sasa wana watoto wawili, misiba ambayo matanga yake yalishaanuliwa zamani, kundi la wazazi wa darasa la tatu ilhali mwanangu yuko kidato cha kwanza. Kila nikifuta, simu inanirudishia swali lile lile: na jumbe ulizoziwekea nyota nazo ziende?

Fundi akachungulia begani. "Hapo angalia. Zenye nyota si ndizo za muhimu?"

Hata mimi nilidhani hivyo. Nikafungua orodha yenyewe, ambayo kwa kweli sikumbuki kama niliwahi kuifungua kabla ya siku hiyo, nikakuta jumbe 163. Mapema tu nikakutana na tarakimu za LUKU. Si za juzi. Ni zile za mwaka 2024, tulipotakiwa kuboresha mita kabla ya tarehe 24 Novemba: ukinunua umeme unapewa safu tatu za tarakimu 20, mbili za kuirekebisha mita, ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Niliziwekea nyota nikiwa njiani ili zisizame kabla sijafika nyumbani. Nikafika, nikaziingiza, taa zikawaka, nyota ikabaki. Si mbali na hapo iko namba ya kitambulisho cha NIDA ya mdogo wangu, nayo ni tarakimu 20. Siku ya giza ningeweza kabisa kuibonyeza kwenye mita. Halafu ramani ya kwenda msibani Marangu. Tangazo la kiwanja Ngaramtoni, na picha ya jiwe la mpaka limesimama katikati ya mahindi. Nafasi ya kazi iliyofungwa zamani. Mstari wa Zaburi. Sauti ya mama, sekunde 41, akinifundisha kwamba mtori unataka ndizi za mshare. Na ujumbe wa maneno matatu kutoka namba isiyo na jina: "Haya, Jumamosi basi."

Kwenye nguzo za umeme za mji huu waganga wamebandika vibao vyao vya kurudisha mpenzi, kuzuia chuma ulete na kusafisha nyota. Nimepita chini ya vibao hivyo miaka yote bila kuhisi kwamba vinanihusu. Siku ile nilitamani kumpelekea mmoja wao simu.

Ukiwauliza watu kwa nini wanaweka nyota, karibu wote watakujibu kama fundi: ni vitu muhimu. Sasa usikilize jibu, uangalie orodha. Tarakimu zilizokwisha kutumika zina umuhimu gani? Nafasi ya kazi iliyofungwa? Katika jumbe zote zile nilizozipenda hazifiki kumi. Zilizobaki niliziwekea nyota kwa sababu nyingine kabisa, na nadhani ndiyo sababu ya watu wengi: nyota inaeleza zaidi saa ile ujumbe ulipoingia kuliko ujumbe wenyewe. Saa ile sikuweza kushughulika, na kutupa nilishindwa.

Kiswahili kina neno lake, kiporo. Wali wa jana haukufunikwa kwa kuwa ni mtamu kuliko wa leo. Umefunikwa kwa sababu usiku umeingia, matumbo yamejaa, na kumwaga chakula ni dhambi. Wapenzi wa mpira wanalitumia vizuri zaidi: timu ikiwa na mechi za kimataifa, mechi zake za ligi zinawekwa kiporo, na hakuna anayedai kwamba mechi iliyowekwa kiporo ndiyo kubwa kuliko nyingine. Ratiba imegongana tu. Nyota ya kwenye simu ndivyo ilivyo. Uko kwenye Hiace ya Kijenge, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu, ujumbe wa kiwanja unaingia. Huwezi kupiga, huwezi kuhesabu hela, huwezi hata kumuuliza mwenzako. Unabonyeza nyota. Ni nusu sekunde, na roho inatulia kana kwamba umeshafanya jambo. Kazi umemwachia yule wewe wa saa mbili usiku, ambaye atakuwa amechoka kuliko wewe wa sasa.

Ndiyo maana naona wenye mitandao wanapotea wanapoisoma nyota kama upendo. Twitter, kabla haijawa X, ilikuwa na nyota. Mwaka 2014 watafiti Florian Meier, David Elsweiler na Max Wilson waliwauliza watumiaji wake wanaibonyeza kwa nini, na sababu walizozikusanya zikazidi ishirini. Wapo waliokuwa wanahifadhi kitu wakisome baadaye, wapo waliokuwa wanamwambia mwandishi nimekuona bila kulazimika kuandika neno. Novemba 2015 kampuni ikaiondoa nyota ikaweka moyo, kwa maelezo kwamba nyota inawachanganya wageni. Kwa hiyo aliyekuwa anahifadhi habari ya ajali aisome baadaye akajikuta ameipa moyo habari ya ajali. Ilibidi kungoja mpaka Februari 2018 ndipo ikaletwa alamisho, kitufe cha kuhifadhi kimyakimya, mbali na moyo. Zilikuwa maana mbili zilizolala kitanda kimoja, na kuzitenganisha kukachukua zaidi ya miaka miwili. Kwa WhatsApp walau jambo hilo halipo: uliyemwekea nyota hajui, na wala hatajua.

Sasa, kuna jambo linalonikera zaidi ya hilo. Mwaka 1983 Mmarekani Thomas Malone alichapisha utafiti wa namna watu wanavyopanga meza zao ofisini. Alikuta kwamba yale marundo ya karatasi tunayoyaonea aibu yana kazi. Karatasi imeachwa juu ya meza ili ikukumbushe, na mara nyingi haijaenda kwenye faili kwa sababu kuipeleka kwenye faili kunakutaka uamue kwanza ni karatasi ya nini. Nani hajaona meza ya namna hiyo? Mjini hapa kuna wakili ambaye meza yake imefunikwa kiasi kwamba kikombe cha chai anakiweka dirishani, na ukimwuliza shauri lako anatia mkono kwenye rundo la tatu, chini kidogo ya katikati, anatoka nalo. Rundo linamkumbusha kwa sababu linamzuia. Hawezi kuandika bila kulisogeza.

Nyota imechukua nusu moja ya kazi ya rundo, ile ya kutukwepesha uamuzi, ikaiacha nusu ya pili. Haimzuii mtu. Ukishaibonyeza, ujumbe unaendelea kushuka na mwingine, na orodha ya nyota imefichwa nyuma ya vitone vitatu ambavyo unavibonyeza siku ya kubadili simu. Kiporo cha nyumbani ukikisahau kitakuita chenyewe kwa harufu. Hiki hakina harufu.

Bendera ni kitu tofauti, ingawa watu wanaichanganya na nyota kila siku. Kwenye Outlook ukiitia barua pepe bendera nyekundu unaweza kuipa siku: leo, kesho, wiki hii, wiki ijayo. Ukishamaliza unaigeuza kuwa tiki. Bendera ina mlango wa kutokea. Nyota haina, inazimwa tu, na mtu haoni sababu ya kuizima. Waliosoma madrasa wataielewa tofauti hii bila maelezo marefu. Pembeni ya msahafu kuna alama ya rubu, inayokuonyesha umefika wapi katika juzuu, na kuna alama ya sajda. Ya sajda haisemi kwamba aya hii ni bora kuliko jirani zake. Inasema hapa kuna la kufanya, nawe unasujudu, unainuka, unaendelea kusoma. Mtu hawezi kukaa na alama ya sajda miaka mitatu akisema ataishughulikia.

Upande wa pili, Mlutheri wa Moshi anayepiga mistari kwenye Biblia yake kwa kalamu nyekundu hana la kufanya na mstari ule. Ameupenda. Miaka ishirini baadaye wajukuu wataufungua ukurasa huo na kujua bibi aliguswa na nini. Hiyo naiita nyota ya kweli, na kwenye simu yangu zilikuwa chache mno.

Alama ya nyota yenyewe ni kongwe kuliko vyote hivi. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, pale Alexandria, Aristarchus wa Samothrake alikuwa anahariri tenzi za Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale. Mstari alioutilia shaka kwamba si wa Homer aliupigia kistari pembeni. Mstari uliojirudia mahali pengine akauwekea kinyota. Hakumaanisha kwamba ni mzuri, wala kwamba atarudi kuusoma. Alimaanisha tu kwamba huu umeonekana kwingine pia. Na ili msomaji asiduwae, maelezo ya alama aliyaandika mbali, kwenye magombo ya ufafanuzi. Hapo ndipo mhariri wa miaka 2,200 iliyopita anapotushinda: sisi tunaweka nyota bila gombo la pili. Ndiyo maana niko na "Haya, Jumamosi basi" mkononi, na nyota juu yake, na sijui ni ya nini.

Mtu akiwa peke yake na nyota zake hasara ni ndogo, ni aibu tu. Ubaya unaanza nyota ikisomwa na wawili.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya safari, dawati la kupokea maombi ya wageni. Tulikuwa sita na akaunti moja ya Gmail. Gmail inaruhusu alama mpaka 12 za rangi na maumbo mbalimbali, lakini lazima uende kwenye mipangilio uziwashe, na hatukwenda. Tulikuwa na nyota moja ya njano. Kwangu mimi nyota ilikuwa na maana kwamba huyu hajajibiwa. Kwa dada mkubwa wa ofisi, aliyekuwa amekaa dawati hilo kabla yetu wote, nyota ilikuwa na maana kwamba huyu nimemshika, msimguse. Tulifanya kazi karibu mwaka mzima bila kujua kwamba tunaongea lugha mbili, maana mara nyingi matokeo yalikuwa yale yale: mgeni anajibiwa.

Mpaka wakaja wazee wawili, mume na mke, kutoka Ujerumani. Waliandika kwamba ndege yao imebadilika, watafika siku moja kabla. Nilikuwa natoka, nikaweka nyota ili nishughulike asubuhi. Asubuhi niliugua. Dada mkubwa akaona nyota, akasema moyoni kwamba yule binti ameshalishika, akaendelea na mengine. Wazee wale walitua KIA usiku, wakatafuta jina lao kwenye vile vibao vya madereva, hawakuliona. Walikaa kwenye viti mpaka watu wakapungua. Dereva wa teksi mmoja ndiye aliyewapigia ofisini, simu ikaita kwenye ofisi yenye giza.

Kwenye kikao cha kesho yake bosi aliuliza swali moja: "Nani aliweka nyota?" Nikanyoosha mkono, nikala zangu. Hakuna aliyeuliza nyota ina maana gani. Tulikuja kugundua tofauti yetu mimi na dada mkubwa wiki mbili baadaye, tukinywa chai, na tulicheka kwa uchungu. Tukabandika karatasi ukutani: NYOTA = HAJAJIBIWA. Ilidumu karibu mwezi, halafu kijana mmoja mpya akaanza kuziweka kwa wageni wakorofi, ili wenzake wajiandae.

Sisemi kwamba watu hawawezi kukubaliana juu ya alama. Angalia kundi lolote la harusi. Mhazini anabandika orodha ya majina na ahadi, aliyelipa anapata tiki ya kijani, ambaye hajalipa jina lake liko wazi mbele ya shangazi zake wote. Hakuna anayekosea maana ya tiki ile. Inasomwa na watu themanini kila siku mbili, na kila mmoja ana sababu ya kuifuatilia. Ingekuwa ya siri ingepotea kama nyota zangu.

Na Mangi wa dukani kwao mama, kule Moshi, ana mfumo wake. Daftari lake la madeni lina kinyota cha biro mbele ya baadhi ya majina. Miaka mingi niliamini ni wadaiwa sugu. Siku moja nikamuuliza, na kwa kuwa anamheshimu mama alinijibu: "Hapana dada. Hao wanalipa bila kukumbushwa." Akafunua ukurasa mwingine, akanionyesha nyota iliyokatwa kwa mstari. "Huyu alikuwa." Nikaangalia jina, namfahamu, nikanyamaza. Kilichonivutia si maana ya nyota, maana angeweza kuipa yoyote. Ni kwamba anairudia. Kila mwisho wa mwezi anapiga hesabu, macho yake yanapita juu ya kila nyota, isiyostahili anaikata.

Wapo watakaosema haya yote ni ya kizamani, kwamba siku hizi mtu anatafuta. Wana hoja. Mwaka 2011 Steve Whittaker na wenzake wa IBM walichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji 345 wa barua pepe na zaidi ya mara 85,000 walizorudi kutafuta barua za zamani, na waliohangaika kupanga mafaili hawakufaulu kuliko waliotafuta tu. Nakubali. Kama unajua unataka namba ya NIDA, andika NIDA na simu itakuletea. Lakini kutafuta kunadai ukumbuke kwamba kitu kipo. Kile kiwanja cha Ngaramtoni nilikuwa nimekisahau kabisa; neno gani ningeandika? Na ukweli mwingine, ambao watu wa kupanga muda hawaupendi, ni kwamba mengi tuliyoyaweka kiporo yalistahili kusahauliwa. Nyota ilituruhusu kuyasahau bila kujilaumu. Sioni ubaya. Wanaohubiri kwamba kila Ijumaa mtu azisafishe nyota zake zote nadhani hawajawahi kuwa na maisha yenye misiba miwili kwa wiki.

Ninachodai ni kidogo. Kwa nyota ya mtu binafsi, simu iulize swali moja tu, mpaka lini? Gmail ina kitufe cha kuahirisha tangu mwaka 2018: unachagua siku, barua inatoweka, siku hiyo inarudi juu kabisa kana kwamba imeingia sasa. Hicho ni kiporo chenye adabu. Ningekitaka kwenye kila ujumbe. Kwa nyota ya ofisi, kabla hamjakubaliana ina maana gani, kubalianeni nani anaizima, maana nyota ikizimwa na mtu mmoja anayejulikana, maana yake itajipanga yenyewe.

Manyunyu yalikuwa yamekatika. Niliondoa nyota za LUKU, ramani ya msiba, kazi, viwanja vitatu kati ya vinne. Ile sauti ya mama niliisikiliza yote pale benchini, ingawa mama yupo Moshi, mzima, na ningempigia dakika ile angenirudia habari ya mshare na nyingine juu yake. Nyota yake nikaiacha. Zikabaki tisa.

"Umemaliza dada?"

"Bado hii moja." Nikamwonyesha. Akasoma, akapandisha macho.

"Jumamosi ipi?"

"Sijui."

Akaitazama tena, akanirudishia. "Basi iache kwanza." Nikampa elfu mbili ya usumbufu wa benchi, naye akamwita aliyekuwa anangoja nje na simu iliyopasuka kioo.